Vidonge Nilivyomkatia Mama Mkwe

Mwaka tuliohamia kijiji cha ujamaa, upande wa Ihanja, nilikuwa nimeolewa miezi mitano tu, na kila nikikojoa ni kama natoa pilipili. Shamba la kijiji tulililima kwa mstari, wanawake bega kwa bega, na mimi kila mara nilitupa jembe nikakimbilia vichakani. Wenzangu wakaanza kutazamana. Nilikuwa nimetoka kusalimia kwetu Mkiwa, na Mkiwa malori husimama. Loo, watu wana midomo! Wakasema nimeleta ugonjwa wa barabarani. Mume wangu akayasikia. Akaniambia, bila kunitazama usoni, kwamba ikiwa ni kweli narudi kwetu.

Mganga wa zahanati alinipa vidonge vya sulfa vya siku saba, ndiyo dawa iliyokuwepo.

"Ni njia ya mkojo, huwapata wanawake bila kosa lolote," alisema. "Kunywa maji mengi. Vidonge uvimalize vyote, hata ukipona kesho."

Bila kosa lolote! Nani angenisadiki?

Siku ya tatu maumivu yakaisha. Mama mkwe, mjane mkali kwelikweli, akaniita jikoni.

"Vimebaki vingapi?"

Katika nyumba ile, mke wa mwana hali kitu peke yake mbele ya mama wa mume. Ukipewa yai, unamkatia. Basi nikamkatia na vidonge, nikampa vyote vilivyobaki, kwa woga. Anaumwa nini, sikuuliza. Mkwe haulizwi hayo.

Wiki haijaisha, moto ukarudi, safari hii pamoja na homa. Mume wangu akanipeleka zahanati kama mshitakiwa, mama yake akifuata nyuma.

"Ulivimaliza?" mganga akauliza.

Nikajifunga upya kanga.

"Nakuuliza, mama. Ulivimaliza vidonge?"

Nikisema nilimpa mkwe, namvunjia heshima mbele ya mwanawe. Nikisema nilivimaliza, basi nimeambukizwa tena, mimi ni malaya, na ndoa imekwisha. Mume alikuwa ananikazia macho. Yule mama nilimchukia, Mungu anisamehe.

"Nilivila mimi," akasema mama mkwe.

Mume wangu akageuka.

"Maumivu hayo hayo ninayo tangu mavuno. Na baba yako yuko kaburini mwaka wa tisa huu. Haya, niambie, mimi nimeyatoa kwenye lori gani?"

Mganga akatukaripia mimi na mkwe, akafunga vidonge katika karatasi mbili, kila mtu na dozi yake.

Nilipopata nafuu nikarudi shambani. Jua halijapanda, mama mkwe akaweka jembe chini katikati ya mstari.

"Nakwenda kukojoa," akasema kwa sauti. "Mwenye neno alilete."

Akanigeukia.

"Twende, mwanangu."