Mwishehe Ampeleka Mkwewe Baharini

Kusema kweli, uongo ule haukutoka kinywani mwa Mwishehe. Ulitoka kinywani mwa mshenga wake, mzee Pazi, siku alipopeleka posa kwa kina Mwanamvua, hapo hapo kijijini kwao Vihingo. Kazi ya mshenga ni kusifu, naye Pazi alisifu mpaka akapitiliza. "Kijana wetu si wa kukaa jikoni," alisema. "Ametembea. Bagamoyo amefika, bahari ameiona kwa macho yake." Mama wa binti, Bi Biubwa, alikuwa nyuma ya ukuta akisikiliza, akaguna kwa kuridhika. Posa ikapokelewa.

Mwishehe alikuwa amefika Mto Ruvu tu. Alikwenda na wenzake wakiwa wamebeba sandarusi, ule utomvu mgumu wanaouchimba ardhini, homa ikamkamata pale mtoni. Wenzake wakavuka na mzigo wake, yeye akalala siku kumi na tisa katika kibanda cha mvushaji wa mtumbwi, akiwasikiliza wapita njia wakisimulia habari za pwani. Akarudi nyumbani na hadithi tele na bahari hakuiona. Sasa angefanya nini, amkane mshenga wake mbele ya wakwe? Akanyamaza. Mwaka wa pili watu wakamuuliza maji ya bahari yana ladha gani, akajibu. Mwaka wa tatu hakungoja kuulizwa.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini hii ya Mwishehe ilikwenda miaka ishirini na miwili bila kufika mwisho. Hata Dar es Salaam alikwenda mara mbili, akaishia sokoni Kariakoo, na bahari akaijua kwa harufu ya papa mkavu.

Halafu, mwaka wa 1938, Bi Biubwa akatamka.

"Mwanamvua, mwambie mwenzio anipeleke Bagamoyo kwenye Maulidi, nikaione na bahari kabla sijafa."

Mwishehe alikuwa amechuchumaa hatua nne tu kutoka hapo, akichonga mpini wa jembe. Lakini mkwe ni mkwe. Tangu aoe hawakuwahi kusemezana ana kwa ana. Baada ya shikamoo na marahaba, maneno yote yalipita kwa Mwanamvua kama maji yanavyopita kwenye mfereji.

"Mama anasema..." Mwanamvua alianza.

"Nimesikia. Mwambie mama, si yuko Husseini? Mwanawe yuko bandarini Dar es Salaam, bahari anaiona kila siku."

"Mwambie simtaki Husseini," alisema Bi Biubwa.

Basi mambo yakawa hayo. Mwishehe akakosa usingizi. Alimjua mama yule. Mtu mmoja aliwahi kumposa binti yake mkubwa akijisifu kuwa ana mbuzi sita. Bi Biubwa akaenda mwenyewe zizini, akakuta wanne, posa ikarudi siku hiyo hiyo. Na Mwanamvua je, aliyetamba kisimani miaka yote hiyo kwamba mumewe ametembea? Mwishehe alimpenda mkewe, na aliogopa kumwona akiinamisha uso mbele ya wenzake kwa ajili yake.

Siku ya safari ilipofika alimwomba Mungu lori liharibike. Lile lori walilolipanda Kibaha lilisifika kwa kuharibika, lakini siku hiyo likakimbia mpaka Mlandizi bila hata kukohoa. Kutoka hapo wakatembea siku mbili na nusu, Bi Biubwa mbele na bakora yake, miguu ikiwa imevimba, hakulalamika hata mara moja. Bagamoyo wakapokelewa na watu wa Maulidi, wakala pilau, wakatazama milango ya nakshi. Kila walipoonyeshwa kitu Mwishehe alitikisa kichwa na kusema, "Ndiyo, hiki kilikuwepo." Mlango mmoja fundi alikuwa bado anaupiga randa.

Asubuhi iliyofuata wakateremka ufukweni. Mwanamvua akasimama.

"Bahari iko wapi?"

Swali hilo hilo Mwishehe alitaka kuliuliza yeye. Mbele yao ulikuwa mchanga mtupu, na tope, na mikoko imesimama na mizizi nje. Maji yalikuwa mbali kabisa, mstari mweupe tu. Akafikiri kama mkulima afikirivyo: akakumbuka mabwawa ya kwao.

"Ile kule. Imekauka kidogo. Si unaona kiangazi hiki?"

Akautandika mkeka wa mkwewe mbali huko chini, kwenye mchanga laini, akaweka juu yake kapu la mihogo na kanga za akiba. Wakaenda kuokota makombe. Bi Biubwa aliokota kama mtoto. Jua likapanda, adhuhuri ikapita, na bahari iliyokauka ikaanza kurudi. Ilikuja polepole, halafu haraka, na walipogeuka mkeka ulikuwa unaelea na kapu linazama.

Mwishehe akakurupuka na kanzu yake. Wimbi likampiga kifuani, likamjaza kinywa.

"Chumvi!" alipiga kelele. "Kumbe ni chumvi kweli!"

Juu kidogo palikuwa na mzee mmoja aliyekaa juu ya lundo la boriti za mikoko. Hemedi jina lake, Mnyamwezi aliyezeekea Bagamoyo tangu enzi za misafara. Alikuwa anacheka hadi machozi.

"Ninyi watu wa wapi?"

"Vihingo," alijibu Mwanamvua. "Wazaramo."

"Watani wangu! Ndiyo maana! Huyu bwana hajawahi kuiona bahari tangu azaliwe! Anatandika mkeka chini ya mstari wa maji kujaa! Anaonja maji kama mchuzi!"

Mwishehe alisimama na mkeka mkononi, maji yakimchuruzika. Basi, imekwisha, alijiambia.

Lakini Mwanamvua alikuwa ameshika mbavu. "Watani hawa, jamani! Wana maneno!" Maana mtani hukuambia msibani kwamba marehemu alikuwa mwizi wa kuku, nawe hucheka, hukasiriki, wala huamini. Hemedi alikuwa amesema ukweli mtupu kwa sauti ya kusikika pwani nzima, na ukweli ukapita kama mzaha. Mwishehe akaukung'uta mkeka, akamgeukia mtani wake.

"Tazameni nani anayesema!" alijibu, sauti imemrudia. "Babu zako walifika hapa na pembe za ndovu kichwani, wakaona maji, wakateka wapikie ugali!"

Wakachekana mpaka basi. Mwanamvua akachukua mkeka na kanga, akaenda kuzisuuza kwenye kisima cha mzee Hemedi. Mwishehe na mkwewe wakabaki, maji yakiwafika vifundoni. Akajivuta hatua nne pembeni, kama ipasavyo.

"Mwishehe."

Akashtuka. Miaka ishirini na miwili mama yule hakuwahi kumwita.

"Naam, mama."

"Mtani hakusema uongo."

Mwishehe akatazama miguu yake.

"Yule mvushaji wa Ruvu ni mtoto wa mama yangu mdogo. Alinieleza kabla hamjamaliza fungate."

"Na yule wa mbuzi ulimrudisha, mama. Mimi mbona hukunifukuza?"

"Yule alidanganya mwenyewe. Wewe uliusitiri uso wa mshenga wako. Nikasema, huyu na mwanangu atamsitiri." Akaliacha wimbi lipite. "Hayo mengine uliyoongeza utamjibu Mungu."

"Lakini mama, kwa nini si Husseini?"

"Husseini ameizoea. Angesimama hapo akingoja nimalize kushangaa, na mimi ningeona haya." Kwa mara ya kwanza akamtazama usoni. "Nilitaka kuja na mtu ambaye naye hajaiona. Sasa ondoa hayo mashaka, mwanangu, ushangae. Tangu asubuhi nashangaa peke yangu."

Mwishehe akainua macho. Bahari ilikuwa imejaa mpaka karibu na minazi, kubwa kuliko yote aliyowahi kuyasema juu yake, naye akaacha kinywa wazi.