Mama Mkwe Alipamba Nyumba kwa Tepe za Shule

Mume wangu ameniruhusu niandike kisa hiki. Aliniruhusu kabla ya kuuliza ni kisa kipi, kwa hiyo kosa ni lake.

Tarehe kumi na nne Desemba nilirudi kutoka kazini nikakuta mlango wa nyumba yetu umeandikwa KUCHA SAFI.

Sitanii.

Ulikuwa utepe wa bluu wenye herufi za dhahabu, umebanwa kwa pini juu kidogo ya kengele. Chini yake, kwa herufi ndogo: Alfonso Gallego, Darasa la Pili.

Alfonso, au Ponso kwa wanaomjua, ni mume wangu. Ana miaka arobaini na tatu na anauza vipuri vya pikipiki.

Nikasogea karibu. Dirisha la kushoto: ANAYEWAHI SHULENI. Dirisha la kulia: MCHEZA NGOMA BORA. Kwenye taa ya nyota iliyoning'inia barazani: MCHEZA NGOMA BORA tena, mwaka uliofuata.

Jirani yetu, Manang Luding, alikuwa ameegemea uzio. Inaonekana alikuwa pale muda mrefu.

"Inday! Kumbe Ponso alikuwa na kucha safi! Siku hizi zimepatwa na nini?"

"Grisi, Manang."

"Basi mwambie utepe aurudishe."

Nieleze ilivyokuwa.

Mimi ni mpimaji katika maabara ya hospitali hapa mjini Iloilo. Kazi yangu hainiruhusu kukisia. Damu ina sukari kiasi fulani au haina, na mgonjwa akilia haibadiliki.

Majirani wote walianza kupamba kwa ajili ya Krismasi tangu Septemba, kama ilivyo desturi hapa. Sisi tulichelewa, na nilipofika dukani tepe nyekundu zilikuwa zimekwisha. Nikampigia simu mama mkwe wangu, Nanay Puring, aliyekuwa anajiandaa kuja kwetu kutoka kisiwa cha Guimaras.

"Nanay, kama una tepe zozote huko, njoo nazo. Tupambe nyumba."

"Ninazo, tena nyingi!" akasema. Sauti yake ilinishangaza kidogo. Alikuwa kama mtu aliyesubiri swali hilo miaka mingi.

Sikusema tepe za aina gani. Hilo kosa ni langu, nalikubali.

Kwetu mtoto akifanya vizuri shuleni, mwalimu humbandika utepe kifuani mbele ya wazazi wote. Kwa hiyo mama wa hapa ukimwambia tepe, hawazi maua ya mlangoni. Anawaza kifua cha mwanawe.

Nilipoingia ndani, Nanay alikuwa amesimama juu ya kiti, pini tatu mdomoni, kopo la biskuti miguuni. Mti wetu wa Krismasi ulikuwa umevaa tepe kutoka juu hadi chini. Ukiutazama vibaya, ungedhani mti wenyewe umehitimu.

"Nanay, nilimaanisha tepe za mapambo."

"Na hizi ni za nini? Za kufungia mbuzi?"



Binti yetu Jelyn, wa miaka kumi, alikuwa anampa bibi yake utepe mmoja mmoja na kusoma kwa sauti. Alikuwa anafurahi. Nililiona hilo kwa sababu hakuwa amefurahi tangu Novemba.

Hapa ndipo penye jambo lenyewe.

Kila mwaka kuanzia tarehe kumi na sita Desemba, watoto wa mtaa wetu huzunguka nyumba kwa nyumba wakiimba na kucheza daygon, ngoma na nyimbo za kuzaliwa kwa Yesu. Manang Luding ndiye anayewafundisha. Mwaka huu Jelyn alichaguliwa kuwa mchungaji wa mbele, yule anayeongoza ngoma nzima. Alifanya mazoezi jikoni, bafuni, na mara moja katikati ya misa.

Halafu matokeo ya hesabu yakaja. Kufaulu ni sabini na tano. Jelyn alipata sabini na tatu.

Ponso akasimama katikati ya sebule kama mtu anayehutubia taifa.

"Mimi darasa la tano nilikuwa bora katika hesabu. Nilipewa utepe! Nyumba hii ina sheria moja. Hakuna utepe wa hesabu, hakuna daygon."

Nilikuwa nimeolewa naye miaka kumi na mbili na habari ya utepe huo niliisikia kila mwaka. Sikuwahi kuuona.

Sasa kopo lilikuwa limefunguliwa.

Nilifanya ninachojua kufanya. Nilihesabu, nikaandika kwenye karatasi. Tepe zilikuwa thelathini na moja. Ishirini na mbili zilikuwa za Nelfa, dada yake Ponso: hesabu, sayansi, hesabu, kusoma, hesabu. Nane zilikuwa za Ponso. Wa mwisho ulikuwa bado umezama ndani kabisa ya kopo, umeviringwa kwenye karatasi.

Ponso akaingia, amebeba mkate, uso mwekundu.

"Nanay! Toa vitu hivi mlangoni! Watu wanapita!"

"Wapite. Wanajua kusoma."

"Manang Luding amenishika mkono akanikagua kucha!"

"Ulikuwa mtoto msafi, Toto. Uliharibikia ukubwani."

Jelyn akainua utepe wa kijani. "Baba, 'Mlaji wa Mboga' ni somo?"

"Lilikuwa somo zamani."

"Na mtihani wake unafanywaje?"

Nikaweka karatasi yangu mezani. "Ponso, nimeona ngoma mara nne. Nimeona mboga, kucha, kuwahi, na kunyamaza wakati wa sala. Hesabu iko wapi?"

Akachangamka mno. Akazamisha mkono kwenye kopo, akafungua ile karatasi, akauinua utepe mwekundu juu ya kichwa kama mshindi wa ndondi.

"Huu hapa! Jelyn, soma kwa sauti mama yako asikie."

"Bora katika Hesebu."

"Hesabu."

"Baba, imeandikwa Hesebu."

"Mwalimu alikuwa na haraka."

Nikauomba, nikausogeza kwenye taa.

Tepe zote za shule zilikuwa na herufi za dhahabu zilizopigwa chapa. Huu uliandikwa kwa mkono, kwa wino ule wa kuwekea alama nguo za kufua. Pembeni ulikuwa na matundu ya sindano kwa urefu wote, maana yake ulishonwa kwenye kitu kingine kabla ya kuwa utepe. Na ncha zilikunjwa kwa mshono mfupi wenye mafundo mawili mwishoni. Mshono huo ninao kwenye mapazia yangu manne. Aliyeyashona ni Nanay Puring.

Nikamtazama. Alikuwa ameshuka kwenye kiti na kuelekea jikoni kwa mwendo wa mtu aliyekumbuka sufuria.

Nikamfuata.

Alikuwa ameketi mbele ya beseni la wali wa nazi, anausokota ndani ya majani kutengeneza ibos. Hakuinua macho.

"Ulikuwa mkanda wa gauni langu," alisema kabla sijauliza. "La kuendea misa. Baada ya hapo nilivaa bila mkanda, watu wakadhani nina mimba."

"Kwa nini, Nanay?"

"Baba yake. Alisema hakuna utepe wa hesabu, hakuna daygon. Maneno yaleyale. Nilipomsikia Toto anayasema mwezi uliopita kwenye simu, nilidhani marehemu amefufuka." Akafunga jani. "Mtoto alikuwa anacheza, Inday. Wewe hukumwona. Miguu ilikuwa haigusi chini. Ningefanyaje? Nikamwambia mwalimu ameuleta kwa kuchelewa."

"Akaamini?"

"Akaamini. Alivaa wiki nzima, hata kwenye ndoo ya kuoga."

"Na baada ya hapo akajitahidi kwenye hesabu?"

"Thubutu! Mwaka uliofuata alifeli kabisa." Akatabasamu. "Lakini alicheza."

Nilikaa kwenye benchi. Nikamweleza kwamba jambo ni jepesi: Ponso aambiwe ukweli, sheria yake ianguke, Jelyn acheze.

Nanay akaacha kusokota.

"Ukimwambia, unamvunja mwanangu. Mwanamume mzima amesimama juu ya kile kipande cha mkanda miaka thelathini na zaidi."

"Nisipomwambia, Jelyn anabaki ndani."

"Basi fanya unavyoona. Wewe ndiye msomi."

Wenye mama wakwe mnajua sentensi hiyo inamaanisha nini.

Kisha akauliza, kama anayeulizia chumvi, "Na zako, Inday? Tepe zako ziko wapi?"

"Nilipata kumi na nne."

"Sikuuliza ngapi."

Idadi naikumbuka. Zilipo sijui.

Kesho yake tulikuwa mezani asubuhi, wali uliokaangwa kwa kitunguu saumu, samaki mkavu, kahawa. Manang Luding akaingia bila kubisha, mkononi ameshika kofia ya mchungaji yenye nyota ya karatasi.

"Nimekuja kuchukua jibu. Tunaanza kesho. Jelyn yumo au hayumo? Mjukuu wangu kichwa chake kinaingia humu vilevile."

Ponso akapuliza kahawa yake. "Mpe mjukuu wako, Manang. Sheria ni sheria."

Jelyn akaweka kijiko chini taratibu. Angelia, ningevumilia. Hakulia. Aliitazama ile kofia mara moja tu, halafu akaanza kutoa miiba ya samaki ambaye tayari hakuwa na miiba.

Nikaweka kikombe changu.

"Ponso, ule utepe wa hesabu ni bandia."

Nanay akafumba macho.

Niliendelea kama ninavyosoma majibu ya maabara, bila kupandisha sauti. Wino, matundu, mshono. Nikataja mkanda wa gauni. Nikataja baba yake. Mambo yote yalichukua kama dakika moja. Manang Luding alikuwa ameketi bila kukaribishwa, ili asikie vizuri.

Nilipomaliza, Ponso alikuwa anakoroga kahawa. Anakunywa bila sukari. Alikuwa anakoroga bure.

"Najua," akasema.

Nanay akafumbua macho. "Unajua nini?"

"Kwamba ulishona wewe."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile, Nanay. Mwalimu wetu wa hesabu hakuwahi kutoa utepe hata siku moja. Aliyeshinda alipewa penseli."

Nje pikipiki ilipita ikikohoa kama inayohitaji kipuri.

Nanay akainuka polepole. "Miaka yote hii nimebeba dhambi ya kukudanganya. Nimeungama kwa mapadri watatu! Na wewe unajua?"

"Ulifurahi sana ulivyoona nimeamini. Ningeanzia wapi kukwambia?"

Nanay akavua ndala. Ponso akahamia upande wa pili wa meza, haraka, na lazima niseme kwamba miguu yake kweli ilikuwa haigusi chini.

"Mwongo mkubwa wewe!"

"Nimetoka kwa nani, Nanay? Nimetoka kwa nani?"

"Na kwangu je?" nikauliza. "Miaka kumi na mbili?"

"Wewe ulikuwa na tepe kumi na nne, mpenzi wangu. Mtu angekuja kukuposa na utepe wa Mlaji wa Mboga?"

Manang Luding alicheka hadi ile kofia ikaanguka sakafuni. Jelyn akaiokota. Hakuivaa. Aliishika kwa mikono miwili, akamtazama baba yake jinsi mimi ninavyotazama kichupa ambacho jina lake halilingani na fomu.

"Baba. Kwenye ule mtihani wako wa darasa la tano, ulipata ngapi?"

"Ni zamani, mwanangu. Nani anakumbuka?"

"Toto," Nanay akasema. Ndala ilikuwa bado mkononi.

Ponso akatazama dari. Akatazama mti. Akanitazama mimi, nikamtazama vilevile.

"Sabini na moja."

Jelyn hakuhitaji karatasi kufanya hesabu hiyo.

"Mimi nilipata sabini na tatu," akasema. Akavaa kofia, akashukuru kwa chakula, akamshika Manang Luding mkono, wakatoka kwenda mazoezini.

Hakuna aliyemzuia. Sheria ilikuwa imekosa mtu wa kuisimamia.

Alicheza siku zote tisa. Ponso aliwafuata nyumba hadi nyumba akijidai anamlinda, na siku ya tatu Manang Luding alimfukuza kwa sababu alikuwa anawafundisha watoto hatua za zamani. Jumamosi sasa wanakaa mezani, baba na mtoto, wanafanya hesabu za kugawanya. Mimi ndiye ninayesahihisha. Jelyn anaendelea vizuri. Mwenzake tunamwombea.

Ninachotaka mwondoke nacho ni hiki. Ukiwa na sheria ya kumnyima mtoto kitu, itafutie kwanza ushahidi, na usiutafute kwenye kumbukumbu zako mwenyewe. Hizo zimeandikwa na mtu aliyetaka kukufurahisha, na mara nyingi mtu huyo ni wewe.

Na ukimwomba mama mkwe tepe, taja rangi, upana na matumizi.