Mama Takwimu na Kisa cha Fundi Rangi

Mama Takwimu hakuwa mtu wa kuchezewa. Miaka nenda miaka rudi alifundisha watafiti vijana kuuchunguza uzee kwa hesabu: nani anaugua, nani anasahau, na kwa nini jirani yake wa umri uleule bado anapanda ngazi bila kuhema. Jina hilo alipewa na wanafunzi, akalipenda, ingawa alijifanya kukasirika.

Lakini muhula ule, jamani, kulikuwa na jambo. Akiingia darasani, mazungumzo yanakatika. Funguo za ofisi zinahama zenyewe. Nyumbani, miwani yake iliokotwa ndani ya friji, na mkwewe, mke wa mwanawe, akamrudishia huku akitabasamu. Tabasamu la nini? Kikulacho ki nguoni mwako.

Mchawi wake alishamjua: ni msaidizi wake, kijana waliyemwita Desimali kwa sababu ukimuuliza saa atakutajia mpaka sekunde. Hodari, tena mpole, na wapole ndio wa kuogopwa. Alikuwa anakitaka kiti chake, hilo halikuhitaji ramli. Mbona siku hizi anasahihisha kazi za darasa kabla hajaombwa? Na mbona Mama Takwimu alimsikia akimnong'oneza mkuu wa idara, "Tumpe muda kidogo"?

"Muda wa nini? Wa kufungasha virago?" Mama Takwimu alisonya peke yake koridoni. "Thubutu!"

Ikafika tena siku ya mazoezi ya kupima kumbukumbu. Miaka yote yeye ndiye aliyeigiza mzee. Anasomewa kisa kifupi, wanapiga soga kidogo, kisha anasimulia alichokumbuka, naye msomaji anampa alama mbele ya wote. Hakuwahi kukosa hata moja, na alijivunia hilo waziwazi.

Safari hii alisoma Desimali, taratibu: fundi rangi alinunua brashi, akaanguka na baiskeli kwenye kona, rangi ya bluu ikamwagikia geti la watu. Wakaongea habari za mvua. Kisha, "Haya mama, tusimulie."

Akakohoa kwa madaha. Mwanamke mmoja, akasema, alikwenda sokoni na kikapu chekundu, akakisahau kwa fundi cherehani, mbwa akala nyama yote. Alisimulia neno kwa neno, bila kukwama, akakaa kusubiri makofi.

Msichana wa kiti cha mbele aliinamisha kichwa.

"Kulikoni?" Kisha akaruka. "Ahaa! Mmebadilisha kisa! Mmenitegea! Desimali, nimekufundisha kazi toka hujui kitu, kumbe shukrani ya punda ni mateke!"

"Mama," kijana alisema, "hiki cha fundi rangi ulikitunga wewe, likizo iliyopita. Ulisema cha kikapu tumekizoea mno. Mtu akikisikia kila mara kinamganda kichwani, hata kama mengine yote yanampotea."

Alikuwa akizungumza huku anaandika. Mama Takwimu akachungulia.

"Unaandika nini hapo?"

"Kumi juu ya kumi, mama. Kama... kama tulivyofanya kila zoezi muhula huu."

Kumbe ndiyo ile minong'ono! Hawakuwa wanamchimba, walikuwa wanamsitiri, darasa zima, na pengine mkwewe pia. Hofu ikamshika, hofu ya kweli. Masikini, alitamani ingekuwa fitina. Fitina angeiweza.

"Futa," akasema. "Andika sifuri. Swali linalofuata?"

Desimali alifuta, kisha akajipangusa macho kwa kiganja. "Leo ni siku gani, mama?"

Akatazama dirishani. Akazitazama nyuso zao, moja baada ya nyingine. Msichana wa mbele alishafungua mdomo amnong'oneze jibu.

"Nyamaza, wewe!" Mama Takwimu alimkemea. Halafu akamgeukia kijana. "Sijui, mwanangu. Andika sijui."