Mkono wa kushoto uliozaa herufi zinazocheka

Saa tatu asubuhi, brashi inashuka juu ya karatasi ya manila, inatetemeka, inasita kidogo, kisha inakwenda zake. Inatokea S iliyojikunja kama paka anayeota jua. Aliyeichora ni mwanamke wa makamo anayejulikana kama Bi Mistari, na ameichora kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umelala mapajani, juu ya kitambaa chenye madoa ya rangi.

Mbele yake wameketi wateja wawili: binti aliyefiwa na mama yake, na mjomba wake, kaka wa marehemu. Wamekuja kuchagua maandishi ya kadi ya kumbukumbu. Binti anataka herufi za Bi Mistari, zile zinazoyumba na kurukaruka. Mjomba hataki hata kuzisikia.

"Hizi ni za keki na maputo," anasema. "Dada yangu tumemzika juzi tu. Watu watasema tumerukwa na akili."

"Mama hakuwa mtu wa kununa, mjomba."

"Kununa ni kitu kingine, heshima ni kitu kingine."

Bi Mistari anachovya brashi kwenye rangi. Kisha anauliza, "Nyumbani mlikuwa mnamwitaje?"

Mjomba anakohoa. "Mimi nilimwita Chiriku. Tangu utotoni. Hakuwa anafunga mdomo yule."

Bi Mistari anavuta karatasi nyingine.

Kwa miaka mingi, mwanamke huyu alikuwa mchora mabango asiye na mchezo. Maduka, zahanati na shule zilipita mikononi mwake, na mistari yake ilinyooka hata mafundi ujenzi wakamtania kwamba siku akiwa kazini wao wataacha pima maji nyumbani. Ndiko lilikotoka jina lake.

Kisha siku moja, akiwa katikati ya neno kwenye ukuta wa duka la viatu, brashi ilimponyoka.

"Niliuamuru mkono uiokote," anasimulia. "Ukanitazama tu, kama mgeni aliyekosea nyumba."

Kilikuwa kiharusi. Alirudi nyumbani kutoka hospitali akiwa hai, lakini mkono wa kulia haukurudi naye. Mume wake, fundi cherehani, anasema hajawahi kuona huzuni kama ile.

"Tukipita barabarani akiona bango, anageuza uso," anasema mume. "Nikajua hapa sina mke, nina kivuli."

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimwambia achore chochote kwa mkono wa kushoto, mradi mkono ufanye kazi. Akawa anachora herufi nyuma ya kalenda za zamani. Zilitoka zimelewa: nyingine zimeegemea wenzao, nyingine tumbo kubwa miguu hakuna. Alizikunjakunja na kuzitupa chini ya kitanda.

Aliyeziokota ni binti wa kaka yake, ambaye anafanya kazi kwenye kiwanda cha uchapaji. Alikuja kumjulia hali, akainama kutafuta kiatu chake, akaibuka na lundo la karatasi.

"Shangazi, hii g inacheka!"

"Inanicheka mimi," akajibu Bi Mistari, akaugeukia ukuta.

Binti hakukata tamaa. Alizinyoosha karatasi moja moja, akazipiga picha, akaziingiza kwenye kompyuta na kumwomba shangazi yake amchoree zile zilizokosekana. Alitaka kutengeneza fonti, yaani seti kamili ya herufi ambayo mtu anaweza kuandikia kwa kubonyeza tu.

Tatizo likajitokeza mapema. Maneno yetu yamejaa a. Andika "kaka", andika "maandalizi", na zile a zote zikifanana jicho linagundua kuwa ni mashine. Ikabidi Bi Mistari achore a nyingi, kila moja na tabia zake, zipokezane ndani ya neno. Aliyekuwa amegeukia ukuta akaanza kuamka mapema ili achore a.

Fonti ile waliipa jina Kushoto. Ilianzia kwa mwokaji keki wa jirani, ikaenda kwenye kadi za harusi, kisha kwenye majalada ya vitabu vya watoto. Leo huwezi kuvuka mtaa usikutane nayo.

Mara ya kwanza kuiona ukutani, katika chumba cha kusubiria watoto wanaokwenda kuchanjwa, Bi Mistari alisogea karibu. Msichana mdogo alikuwa anafuatisha neno KARIBU kwa kidole, herufi kwa herufi, huku akicheka kwa furaha.

"Ile R niliichora siku niliyolia mpaka karatasi ikalowa," anasema kwa sauti ya chini. "Na mtoto anaichezea. Sikujua kwamba jambo kama hilo linawezekana duniani."

Wateja humfuata sasa kwa ushauri, naye hampi kila mtu anachotaka. Mwuza dawa alitaka Kushoto kwenye boksi lote la dawa ya kikohozi ya watoto.

"Jina la dawa, sawa," alimwambia. "Kipimo, hapana. Mama ana usingizi, mtoto analia, halafu nimpe herufi zinazocheza? Zinatakiwa zisimame wima."

Kanuni yake ni kusema neno kwa sauti kwanza. Likitoka na tabasamu, linaweza kucheza. Na yacheze maneno machache tu. Aya nzima ikirukaruka, msomaji atashikwa na kizunguzungu.

Sasa anaigeuza karatasi ya kadi kuelekea kwa wateja wake. Jina kamili la marehemu na tarehe zimesimama kwa herufi nyembamba, zilizotulia. Chini yake, peke yake, kuna neno moja linaloyumba, herufi zake zimesogeleana kama zinanong'onezana: Chiriku.

Mjomba analitazama. Anaanza kucheka, kisha machozi yanamtoka. Binti anamshika bega.

"Weka hivyo hivyo," anasema mjomba hatimaye, akijifuta macho. "Usiguse kitu."

Wakishaondoka, Bi Mistari anafunga begi lake la kalamu nene. Anakwenda hospitalini, kwenye wodi ya waliopata kiharusi, ambako ameruhusiwa kuanzisha darasa la kuchora. Anataka kila mgonjwa achore alfabeti yake kwa mkono uliobaki, na binti wa kaka yake azigeuze kuwa fonti zenye majina ya wenyewe.

Mwanafunzi wa kwanza ni dereva mstaafu ambaye tangu alazwe hakutaka kushika hata kijiko.

"Jana amechora M," anasema Bi Mistari, akifungua mlango kwa bega. "Mbaya! Mbaya mno, nzuri ajabu. Nikamwambia inatosha, tupumzike. Amegoma kunirudishia kalamu."