Majivu na Manyoya

Kwenye bariye, kile kizuizi cha barabarani kabla ya kuingia Lusangi, askari alifungua mfuko wangu mrefu akatoa raketi mbili. Akaishika moja kwa mpini, akaielekeza chini na kuipitisha juu ya vumbi, huku na huku, polepole. Kisha akanitazama kwa jicho la mtu aliyekwisha kujua. "Mama, hii mashini ya kutafuta zahabu uliipata wapi?" Nikamwambia si mashini, ni raketi, ni ya kuchezea. Akagonga nyuzi kwa ukucha, akasikiliza. "Mutu muzima anatoka Kasongo na piki mpaka huku, juu ya kucheza tu?" Hata dereva wa pikipiki aliyenibeba aligeuka akanitazama upya.

Simlaumu. Upande ule kila anayeshika kitu chenye mpini na kichwa cha duara anatafuta dhahabu, na anayekana ndiye anayetafuta zaidi. Na kweli nilikuwa na jambo, ila halikuwa mfukoni. Nilibeba neno la koko wangu, mama mzaa baba, alilonituma Kabambare kwa mwanamke ambaye zamani alisimama nyuma yangu uwanjani. Neno lenyewe ni fupi, rafiki yangu, lakini njia yake ni ndefu, kwa hiyo kaa vizuri.

Mimi nimekula kwa badminton. Cheka, hata Kasongo wanacheka. Ni ule mchezo wa kupigiana kinyoya juu ya wavu, na mimi nilicheza ule wa watu wawili wawili. Klabu za Ulaya zimenilipa, nimelala katika hoteli nisizokumbuka majina, nimepewa wenzangu wengi wa kucheza nao, na wote walilalamika jambo moja: nageuza shingo. Anayesimama mbele, karibu na wavu, hatakiwi kuchungulia nyuma. Ampe mwenzake kisogo na amwamini, basi. Niliweza mengine yote, hilo sikuliweza. Chini ya jicho la kushoto nina alama ya siku niliyogeuka, na niliporudisha uso kinyoya kilikuwa kimeshafika. Kocha mmoja alisema nina ugonjwa. Sikuwa na ugonjwa, nililelewa na koko.

Koko hakumwamini mtu. Asubuhi zetu za Kasongo zilianza kwa adhana, halafu kengele ya misheni, halafu mchi wake ukitwanga sombe, majani ya mihogo. Sokoni alinusa samaki wa moshi wa Nyangwe kabla ya kununua, kisha akanusa na mikono ya muuzaji. "Ukimpa mtu kisogo umempa shingo," alikuwa akisema. Tulipokwenda kuchota maji, mimi na binti wa jirani, alitaka tutembee sambamba, na kile kijia hakikutosha hata mbuzi wawili. Binti huyo alipenda kutembea nyuma yangu akiimba. Koko alisimama mlangoni na kututazama mpaka tupotee.

Huyo binti ndiye mwenzangu. Baba yake alikuwa amechimba dhahabu Lusangi mpaka udongo ukamla vidole viwili, ndipo akahamia kwetu kulima mpunga na kufuga bata. Walikuwa Waislamu, sisi wa misa, na tulikopeshana chumvi na moto bila maneno.

Kisha mwalimu wetu akarudi kutoka likizo na raketi zilizofungwa katika kitenge. Wavu ulitoka kwa mvuvi wa Nyangwe, na umande ukiulowesha tulicheza ndani ya harufu ya samaki. Vinyoya vilipochakaa mwalimu alivitengeneza upya kwa manyoya ya bata wa jirani, akiyachomeka moja moja kwenye kizibo. Chaki ilikuwa ya ubao tu, kwa hiyo uwanja, nyuma ya shule, aliuchora kwa majivu. Alipima kwa kamba, akapigilia vijiti vinne kwenye pembe, akamwaga majivu kuzunguka.

Hapo ndipo mtaa ulipoanza kunong'ona. Wachimbaji wa zamani walijua kamba na vijiti vinne ni nini: hivyo ndivyo mtu anavyojikatia shimo lake la dhahabu kabla wengine hawajafika. Walikuja kusimama pembeni, mikono mgongoni. "Mwalimu, iko mingi?" Mwalimu, akidhani wanauliza vinyoya, alijibu kwamba bata wakiwa wazima vitatosha. Walicheka, cheko la watu walionyimwa. Tena tulicheza alfajiri, kabla upepo haujaamka, maana upepo unaiba kinyoya. Watu wakauliza ni kazi gani ya halali inayokwisha kabla ya jua.

Koko hakujali dhahabu. Alikuja siku moja, akatazama watoto waliozungushiwa majivu wakirushiana manyoya. Majivu na manyoya. Katika ujana wake alijua watu walifunga dawa gani za uchawi kwa vitu hivyo, na walimfungia nani. Hakunikataza. Aliuliza tu nani alimfundisha mwalimu, na yale manyoya yanatoka kwa nani. Baadaye nikaanguka karibu na wavu, na juma lililofuata nikaanguka tena pale pale, kifundo kikavimba. Alinikanda kwa maji ya moto bila kusema kitu, na koko akinyamaza ujue anahesabu watu.

Wakati huo mwalimu alikuwa ameahidi kupeleka wawili Kindu, kwa watu waliokuwa wanachagua vijana wa kwenda kufundishwa mbali. Alitutaja sisi. Mimi nilikuwa na macho na mikono ya haraka, lakini mwenye mkono ni mwenzangu: akipiga kutoka nyuma, kinyoya kilipita juu ya sikio langu na kutua kabla sijapepesa. Nilikuwa nataka Kindu ile kuliko chakula, na yeye hivyo hivyo.

Jumapili moja koko hakwenda misani, akasema goti linamkataa. Tuliporudi hapakuwa na harufu ya sombe wala mawese. Alikuwa barazani akibambua karanga, na jembe lake limeegemea ukuta, limeoshwa, bado linatoa maji. Nilikuwa na njaa, nikaomba chakula, basi. Mchana habari ikaenea kwamba uwanja umechimbwa. Tulikimbia kutazama. Shimo lilifika magotini, karibu na wavu, pale pale ninaposimama mimi, na udongo mwekundu umefunika majivu.

Nani hakuwa misani? Nani anajua kuchimba? Lisemwalo lipo, walisema, na wote wakatazama nyumba ya jirani. Hakuna aliyekwenda kumuuliza. Waliacha tu kununua mayai yake ya bata, na salamu zikawa fupi. Wanawake walipokuja kumsengenya kwetu, koko alisema, "Mimi sisemi kitu." Na kweli hakusema. Pale mtoni mwenzangu aliniambia, "Papa hakuchimba." Nikamjibu najua. Siku hiyo alitangulia yeye kijiani, hakuimba, na sikujua ni nani kati yetu anayemchunga mwingine.

Mvua hazijaanza, jirani akafunga vyombo akarudi kwa ndugu zake Kabambare. Mwenzangu aliondoka juu ya kibebeo cha baiskeli, kapu la bata mapajani. Mwalimu alinipeleka Kindu na msichana mwingine, wakanichagua mimi, na miaka yangu yote ya kucheza ilitoka hapo.

Mwaka huu goti langu limekataa, goti la kweli, nikarudi nyumbani. Koko haoni tena. Nilimwekea raketi mapajani, akaipapasa kutoka nyuzi mpaka mpini, akasema, "Lile shimo ni mimi."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akaendelea, "Nililima pale ulikuwa unaanguka. Nilitafuta dawa walikuzikia. Sikuona kitu. Mizizi tu." Nikamuuliza kwa nini alinyamaza watu walipomfukuza jirani kwa macho. "Ningesema nini? Mukristu aliacha misa juu ya kutafuta dawa?" Kisha akasema, "Uende Kabambare. Umwambie ni mimi." Nilimkasirikia. Jioni nilimtwangia sombe, nikiwa bado na hasira.

Kabambare nilimkuta mwenzangu uani akimenya mihogo, bata wakimzunguka miguuni. Baba yake alikwisha kufa. Nililitoa neno la koko kama nilivyopewa. Hakuacha kumenya.

"Tulijua," alisema. "Papa aliona namna ile shimo ilikatwa. Alisema muchimbaji hakati vile, ile ni jembe ya mama wa shamba."

"Sasa kwa nini hakusema?"

"Nani angemusadiki? Na alisema yule mama anaogopea mutoto wake. Akasema na yeye anaogopea wake, basi tutoke."

Nilimpa raketi ya pili. Aliipima mkononi, akarudi hatua nyuma, akapiga hewa mara moja. Ule mlio nilioutafuta kwa wenzangu wote wa Ulaya ulipita juu ya sikio langu, na nililia mbele ya bata wake. Akanirudishia raketi. "Uende nayo," alisema. "Nikibaki nayo watasema natafuta zahabu."

Uwanja wetu leo ni shamba la mihogo. Mwalimu alihamishwa, wavu ulirudi mtoni, na ukiwauliza watoto wa mtaa kinyoya ni nini watakuonyesha kuku. Harufu ya samaki kwenye nyuzi za wavu na bata wakilia alfajiri, hayo yamebaki kwangu na kwake, kila mtu na fungu lake, mbali na mwenzake.

Niliporudi, askari alikuwa yule yule. Alifungua mfuko, akaziona raketi zote mbili, akainama karibu na sikio langu.

"Mama, ulipata?"

"Sikupata," nikamwambia. Hakuniamini.