Kibao Shingoni mwa Leokadia

Siku yangu ya kwanza kazini, Mwalimu Mkuu wa Kasulo hakuniuliza hata jina. Alinipa chaki, kisha akanikabidhi kibao cha mti kilichotobolewa na kutiwa kamba ya katani. "Chaki ni ya ubaoni," alisema. "Hiki ni cha shingoni." Mimi binti wa Kisubi kutoka Biharamulo, niliyetoka chuo cha ualimu juzijuzi, nilipokea vyote viwili kwa heshima.

Ninyi walimu wa leo hamkijui kibao kile. Mtoto aliyesikika akisema lugha ya kwao alivishwa, naye akakivaa mpaka amnase mwenzake na kumvika. Aliyebaki nacho jioni alichapwa. Shuleni kwetu Mwalimu Mkuu alikwenda mbele zaidi: hata aliyekosea sarufi ya Kiswahili alivaa.

Na wangeachaje kukosea? Kijiji cha ujamaa kilikuwa kimewaweka pamoja Wahangaza, Wasukuma waliokuja na ng'ombe wao, na Warundi waliokimbia kwao. Lugha zao zinafanana na Kiswahili, lakini kila moja ina maumbo yake. Chukua ngeli, yaani makundi ya nomino. Nyumbani kwao kitu kidogo kina ngeli yake, ka- kikiwa kimoja na tu- vikiwa vingi, basi mtoto anakuambia, "Kambuzi ketu kadogo kamepotea." Mtoto huyo hajachanganyikiwa. Amepatanisha maneno yote bila kuteleza, ila kwa sheria ya kwao. Njeo, yaani nyakati za kitenzi, nazo hivyo hivyo. Kihangaza kina umbo la kitenzi kwa jambo la leo na jingine kwa jambo la tangu jana kurudi nyuma, wakati Kiswahili kinatosheka na -li-. Haya yanaelezeka vizuri darasani. Fimbo haielezi kitu.

Leokadia, mtoto wa Kirundi wa darasa la sita, alikuwa na masikio ya pekee. Siku moja Mwalimu Mkuu akiwa darasani kwangu, mtoto huyo alinyoosha mkono. "Mwalimu, mbona tunasema mwalimu wangu lakini rafiki yangu? Wote si watu?"

Swali zuri kuliko yote niliyoulizwa chuoni! Mwalimu Mkuu akafoka, "Sarufi haina mbona! Leta shingo."

Alikivaa. Lakini Leokadia alikataa kuwinda wenzake. Alisikia watoto wakiteta Kihangaza nyuma ya choo, akapita kama hakusikia. Kila jioni akachapwa, na kesho yake akavaa tena. Wenzake nao wakamkwepa, maana nani aongee karibu na mwenye kibao? Mwishowe akawa haongei na mtu. Nilikwenda ofisini na hasira yangu.

"Mtoto anachapwa kwa kuwa hataki kuwasaliti wenzake," nilisema.

"Binti, tunajenga taifa," alijibu Mwalimu Mkuu. "Taifa haliongei kambuzi."

Vita vya Kagera vilipoanza, yeye na walimu wengine wanaume waliitwa mgambo. Nilibaki na shule nzima. Kibao nilikitia jikoni, chini ya sufuria ya uji. Kisha nikaugawa ubao kwa mistari, kila mtoto alete sentensi moja kwa lugha ya kwao, tuiweke kando ya Kiswahili tuone nini kinabadilika. Msukuma mmoja alipoona ka- yake kwenye safu ya Warundi aliruka, "Kumbe na ninyi!" Leokadia alianza kuniuliza tena, kwa sauti ndogo kwanza, kisha akawa ndiye anayewaeleza wenzake upatanisho. Kiswahili chao kilinyooka kuliko wakati wowote. Leokadia akaingia darasa la saba, nami nilikuwa na hakika atafika sekondari.

Mwalimu Mkuu alirudi na ushindi. Akaukuta ubao umejaa lugha za watu, akaenda moja kwa moja kwa Afisa Elimu. Huko alisema kwamba naeneza ukabila, na nikahamishiwa Nyantakara kabla ya mtihani. Ukabila! Mimi niliyewakalisha Mhangaza na Msukuma dawati moja wakacheka!

Baba yake Leokadia alinifuata huko.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwarimu. Wamechonga kibao kingine. Wa kwanza kuvarishwa ni mwanangu. Nimemutoa. Mwanangu si mbuzi wa kufungwa kamba."

"Na mtihani, mzee? Amebakiza kidogo tu!"

"Mutihani gani, mwarimu? Hata nyumbani hasemi."

Niliomba kurudishwa Kasulo, nikajibiwa nifundishe nilipopangiwa. Nilifundisha, na hasira haikuisha. Nawaambieni wazi kwamba haijaisha mpaka leo.

Mwaka wangu wa mwisho kazini nilikuwa Ngara mjini. Walimu wenzangu walikuwa wameshaanza kuniandalia hotuba za kunisifu kwa kukikuza Kiswahili. Asubuhi ya kuandikisha wanafunzi wapya alikuja mama mmoja na binti yake mdogo, na jirani akimsemea mama huyo. Nilimtambua kwa macho. "Leokadia!" Alinisalimia kwa kuinamisha kichwa tu.

Kisha akachuchumaa mbele ya mwanawe, akamwambia kwa Kirundi, polepole, "Humu ndani usiongee. Sikiliza tu, utarudi salama."

Hilo ndilo somo la lugha alilotoka nalo shuleni kwetu.