Shaba Ndani ya Mchicha

Enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa na maduka ya Kariakoo yakajaa vitu tena, mimi nilikuwa nalima mchicha bondeni Jangwani. Wachuuzi wa sokoni walinijia alfajiri, wakinunua tuta zima likiwa bado limesimama, wanang'oa wenyewe. Shule sikufika mbali. Lakini mchicha wangu ulijulikana, na ndio uliolisha wanangu.

Juu yetu kilikuwepo kiwanda cha vitambaa, kimefufuliwa na tajiri mpya. Maji yake yalishuka mferejini yana rangi, leo mekundu, kesho ya buluu. Tuta lililonyweshwa maji yale lilitoa majani mapana kama kiganja. Basi tukayaita maji ya mbolea, na zamu ya kuyateka tuligombania.

Siku moja akaja binti wa chuo kikuu, kavaa mabuti, kabeba mifuko. Akaniamkia, nikamwitikia, nikamuuliza anatafuta nini kwenye matuta ya watu. Akasema anachunguza maji ya viwandani yanaacha nini ardhini, akaomba mchicha kidogo. Mgeni hapewi kitu kichafu. Nikamng'olea ulionona kuliko wote, wa mferejini, nikakata mizizi, nikauosha kwa maji ya kisima, nikaufunga vizuri. Alipouona alicheka mpaka akakaa kwenye tuta.

"Mama, naomba wenye mizizi. Na tope lake."

"Tope utalila?"

"Nitalipima, mama."

Jirani yangu akadakia kutoka shambani kwake, "Mpe na vyura basi."

Sikucheka. Nilimwambia wazi kwamba akisema mchicha wangu mbaya, wanangu watalala njaa. Kwa hiyo hachukui hata jani mpaka akubali nishuhudie kipimo chake kwa macho yangu. Akakubali, nikampa wa mferejini na wa kisimani, wote na mizizi yake.

Siku aliyoniita kule chuoni, majani alikuwa ameyakausha, akayachoma yakawa majivu, majivu akayayeyusha kwa tindikali na kuyachuja. Nikaonyeshwa maji meupe, safi kama ya mvua. Nikamuuliza uchafu uko wapi. Akawasha mashine yenye moto mwembamba wa buluu na mrija unaofyonza. Akaanza na mchicha niliomwagilia maji ya kisima. Mshale wa mashine ulitikisika kidogo tu. Kisha akaweka wa mferejini, na mshale ukapanda, ukaendelea kupanda.

"Shaba hiyo, mama. Na yapo mengine mabaya zaidi."

Shaba. Ile inayofuliwa kwa nyundo ikawa sinia. Imepita kwenye mzizi mwembamba kama unywele, imepanda shina, imekaa ndani ya jani, na jani halikunyauka, limenona. Nimezaa, nimezika, nimeona mafuriko ya bonde lile yakibeba kitanda na godoro lake. Hakuna kilichowahi kunishangaza vile. Nilimwomba arudie. Akarudia, na mshale ukapanda palepale.

Njiani kurudi aliniambia wanajaribu kuyapitisha maji ya viwanda kwenye matete yaliyopandwa katika kokoto, yakatoka upande wa pili yamepungua sumu. Nikashangaa tena, majani yaoshe maji. Nikauliza udongo wangu je. Akasema huo umeshashiba sumu, hautapona hata mfereji ukisafishwa leo.

Wachuuzi walipokuja alfajiri walikuta nimeyang'oa matuta yote ya mferejini, nafukia shimoni.

"Mama, umenona hivi unautupa?" mmoja akauliza.

"Umenona, ndiyo maana nautupa."

Nikawaeleza nilichokiona. Wakasema wasomi wameniloga, wakaenda kununua kwa jirani. Mimi nikabaki na vituta vya kisimani, visivyotosha mboga ya wiki. Kwenye matuta ya mferejini ilibidi nipande ukoka na maua, niwauzie matajiri waliokuwa wanajenga nyumba mpya. Tulikula kwa tabu mpaka maua yakakubali.

Yakakubali kweli. Sasa wajukuu wakipeleka ua mdomoni nawapiga mkono, nawaambia kuna shaba mle. Wanaligeuza ua, wanalichungulia hadi ndani, hawaoni kitu. Nami huchungulia pamoja nao.